Kilo 150 za Nini?

Daktari hasomi akiwa na kalamu mkononi. Rasimu ya tasnifu ikifika mezani kwake, huisoma mara ya kwanza viganja vikiwa vimetulia pande mbili za karatasi, ukurasa baada ya ukurasa, bila kuandika hata nukta. Akimaliza huikunja upande wa mgongo, huisukuma kando, akaendelea na shughuli nyingine. Siku ya pili, au ya tatu, ndipo penseli inapotoka kwenye mkebe. Ni penseli ya kawaida iliyochongwa kwa wembe. Wino mwekundu hautumii. Anasema wino mwekundu humfanya mwanafunzi arekebishe pale tu alipoguswa, ilhali penseli humwachia nafasi ya kubisha.

Kando ya penseli kuna rula ya sentimita 30, ambayo huiweka chini ya kila mstari wa jedwali ili jicho lisirukie mstari mwingine. Kuna kikokotoo cha zamani, na daftari gumu ambamo kila mwanafunzi wake ana kurasa zake: tarehe waliyokutana, jambo walilokubaliana, tarehe ya kukutana tena. Hivyo ndivyo vifaa vyote vya ufundi huu. Tarakilishi ipo, lakini huifungua baadaye.

Anafundisha katika mojawapo ya vyuo vya nyanda hizi za chai, na aliniruhusu kukaa pembeni na kutazama kwa sharti kwamba jina lake na la mwanafunzi wake yasiandikwe. Elimu ya juu imeingia huku kwa awamu. Kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, nje kidogo ya mji wa Kericho, kilianza mwaka 1951 kikihudumia Kenya, Uganda na Tanganyika. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichokuwa chuo kishirikishi cha Chuo Kikuu cha Moi, kilipata hati yake mwaka 2013. Bomet ilipata chuo kishirikishi chake mwaka 2017. Kwa hiyo mwalimu wa sekondari anayetaka shahada ya uzamili halazimiki tena kuhamia Nairobi au Eldoret. Anapanda matatu Jumamosi asubuhi, na jioni yuko nyumbani kwake.

Mwanafunzi niliyemfuata ni mmoja wao. Anafundisha kilimo katika shule moja ya Konoin, kaunti ya Bomet. Daktari humwita Mwalimu, naye humwita Daktari, na katika muda wote niliowatazama hakuna aliyeteleza. Mwalimu alitaka kujua jambo ambalo kila mkulima mdogo wa huku hulijadili gunia la mbolea linapofika: mchai unahitaji mbolea kiasi gani, na ni wapi nyongeza inakuwa hasara?

Kazi ya kwanza ya msimamizi ni kulipunguza swali. Mwalimu alikuja na swali pana lenye udongo, mvua, bei, bonasi na ubora wa kikombe. Daktari hakulikataa. Aliligawanya kwenye karatasi katika maswali matano, akamwomba aandike mbele ya kila moja kitu ambacho angekipima kwa mikono yake, kwa kifaa gani, na mara ngapi kwa mwaka. Maswali mawili yalikosa jibu, yakaanguka yenyewe. Mengine mawili yalihitaji maabara ambayo Mwalimu hakuwa na fedha za kuilipia. Likabaki moja: viwango vitano vya nitrojeni na mavuno ya kloni ya TRFK 6/8, katika shamba la mkulima mmoja aliyekubali. Walifika hapo bila Daktari kutamka neno “hapana”.

Pendekezo la utafiti liliporudi kwake safari ya kwanza, alizungushia duara dogo maneno haya: “mbolea kilo 150 kwa hekta”. Walipokutana aliuliza, “Mwalimu, kilo 150 za nini?”

“Za mbolea, Daktari.”

“Ile ya gunia?”

Mwalimu akanyamaza. Mbolea ya chai inayouzwa huku imeandikwa 26:5:5, yaani katika kila kilo 100 mna kilo 26 za nitrojeni. Gunia la kilo 50 lina nitrojeni kilo 13 tu. Kama ni kilo 150 za mbolea, mkulima anahitaji magunia matatu kwa hekta. Kama ni kilo 150 za nitrojeni, anahitaji takriban kilo 577 za mbolea, magunia kumi na moja na nusu. Daktari alijua tofauti hiyo tangu aliposoma mara ya kwanza. Hakuitaja. Alisogeza kikokotoo upande wa pili wa meza, akasubiri.

Mwalimu alipiga hesabu yake taratibu, akaifuta, akaipiga tena. Alipoipata aliendelea mwenyewe bila kuulizwa. Michai imepandwa kwa nafasi ya futi nne kwa futi mbili na nusu, takriban miche 10,760 kwa hekta. Kipande chake cha majaribio kina michai 30. Basi kiwango cha kilo 150 za nitrojeni, kikishuka hadi kipande kimoja, ni mbolea kilo 1.6. Sasa alijua hata mizani ya aina gani ataihitaji. Swali la maneno machache lilikuwa limemfikisha kutoka kwenye sentensi hadi shambani.

Juu ya meza hiyo kuna ngazi nzima ya watu na karatasi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliunda Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na miongozo ya tume hiyo ndiyo inayosema shahada ya uzamili isichukue chini ya miaka miwili na ya uzamifu isipungue mitatu, na kwamba mhadhiri mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watano wa uzamili na watatu wa uzamifu kwa wakati mmoja. Pendekezo hutetewa kwanza mbele ya idara, kisha mbele ya kitivo, kisha hupelekwa kwa bodi ya masomo ya uzamili. Kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Kila ngazi ina fomu, na kila fomu ina mstari wa sahihi.

Sheria hiyohiyo ya 2012 iliruhusu pia vyuo vikuu maalumu, na kwa njia hiyo majeshi ya Kenya yalipata chao mwaka 2021: Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi, chenye makao Lanet, Nakuru, mwendo wa saa mbili hivi kutoka Kericho. Nilimuuliza Daktari kama usimamizi unakuwa rahisi mahali ambapo watu wamezoea kutii. Alicheka. “Amri inaweza kumleta mtu ofisini saa mbili kamili,” alisema. “Haiwezi kumfanya awe na hoja.” Kanali anayeandika tasnifu kuhusu mipaka na mwalimu anayeandika kuhusu mbolea wote watafika siku moja mbele ya mtahini asiyewafahamu, na cheo hakiwezi kuwajibia. Msimamizi anayejua hilo hujifunza mapema kutotumia cheo chake mwenyewe.

Daktari huziheshimu fomu kuliko nilivyotarajia. Ripoti ya maendeleo huijaza kwa kirefu hata pale nafasi iliyoachwa ni mistari minne. Hubandika karatasi ya ziada. Sababu yake ni ya kiutendaji. Msimamizi akiugua au akihamia chuo kingine, mwanafunzi hubaki na faili tu. Faili ikisema “anaendelea vizuri”, msimamizi mpya ataanza upya. Ikieleza kwamba vipande vimepangwa kwa kufuata mteremko na kwamba mavuno ya mwezi wa kwanza yaachwe nje ya hesabu, na kwa nini, kazi haitapotea.

Kazi ya shambani ilipoanza, alikwenda Konoin. Hakuomba takwimu. Aliomba ramani ya vipande, akaanza kutembea. Vipande vilikuwa kumi na vitano: viwango vitano, kila kimoja kimerudiwa mara tatu, katika makundi matatu. Kundi la kwanza liko juu ya mteremko, la pili katikati, la tatu chini karibu na kijito, ili tofauti ya udongo wa juu na wa chini isichanganywe na tofauti ya mbolea. Kati ya kipande na kipande kuna mistari ya kinga, michai isiyopimwa, kwa sababu mvua ya huku hubeba mbolea kwenda kwa jirani. Daktari alihesabu michai ya kila kipande kwa kidole. Katika kipande cha kumi na moja akapata 29. Mmoja ulikuwa umekauka.

“Ulikuwa hai tulipoanza?”

“Sikumbuki, Daktari.”

“Andika leo kwamba umekufa, na uandike kwamba hukumbuki.”

Kisha akawageukia wachumaji. Walikuwa kina mama watatu, vikapu mgongoni, aproni za plastiki kiunoni dhidi ya umande. Aliwaamkia kwa Kikipsigis, akasimama nyuma ya mmoja wao kwa muda akitazama vidole. Majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, yakirushwa begani bila kichwa kugeuka. Akahamia kwa wa pili. Huyu alikuwa akichukua pia jani la tatu pale lilipokuwa laini. Kikapu chake kilijaa upesi zaidi.

Hapo niliona kitu ambacho nisingekiona peke yangu. Mkono wa mchumaji nao ni kipimo. Mama huyu akichuma vipande vyenye mbolea nyingi tu, na mwenzake akichuma visivyo na mbolea, mizani itasema mbolea imefanya kazi, kumbe ni jani la tatu. Daktari hakumkosoa mama yule. Alimsifu kwa kasi yake. Kwa Mwalimu alisema jambo moja: kila mchumaji apewe kundi zima, viwango vyote vitano, na asibadilishwe mpaka mwaka uishe. Hivyo tabia ya mkono wake itagusa kila kiwango kwa usawa, na ikibaki tofauti, itakuwa ya mbolea. Mwalimu aliandika.

Daftari la shambani alilikagua mwisho. Linaandikwa kwa biro, kamwe si kwa penseli, na hapa sheria yake ni kinyume cha ile ya ofisini, kwa kuwa rasimu ni ya kubishaniwa lakini kipimo hakifutwi. Namba ikikosewa hupigwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, na iliyo sahihi huandikwa kando. Siku ya mvua ya mawe, ambayo huku si jambo geni, hupewa tarehe na mstari wake. Alipata ukurasa msafi kupita kiasi, namba zote kwa mwandiko mmoja uliotulia. Aliuliza kama uliandikwa shambani au nyumbani. Ulinakiliwa nyumbani. Akaomba karatasi ya awali, ile yenye matope, ibandikwe kwenye ukurasa huo.

Mwaka wa mavuno ulipita hivyo, kila baada ya siku saba hadi kumi na nne. Majani mabichi yalipimwa kwa mizani ya kuning’iniza, kisha yakazidishwa kwa 0.225 kupata chai kavu, kwa sababu kilo 100 za majani hutoa takriban kilo 22 na nusu za chai iliyotengenezwa. Wakati huu msimamizi wa pili, mtafiti wa chai, alikuwa akisoma upande wake. Wasimamizi hao wawili hawakukubaliana juu ya namna ya kupima unyevu wa majani yaliyochumwa kukiwa na mvua. Walipigiana simu, wakabishana, wakaafikiana, na Mwalimu akapokea maelekezo mamoja yenye majina mawili. Mwanafunzi anayebebeshwa barua kati ya wasimamizi wanaovutana hupoteza miezi; huyu hakujua hata kwamba mvutano ulikuwapo.

Siku niliyouona ufundi wenyewe waziwazi ni siku ya majedwali. Mwalimu alileta uchanganuzi wake umechapwa vizuri, matokeo yakiwa ya kupendeza: kila kiwango cha mbolea kimekizidi kilichotangulia, hadi cha kilo 300 za nitrojeni kwa hekta. Daktari hakutazama matokeo. Aliweka rula chini ya mstari wa mwisho wa jedwali, kwenye safu ya digrii za uhuru, inayoonyesha hesabu imetegemea vipimo huru vingapi, safu ambayo wengi huiruka. Palikuwa na namba 179.

“Mwalimu, una vipande vingapi?”

“Kumi na vitano.”

“Na jedwali linasema una vingapi?”

Ilichukua muda. Jedwali lenye vipande kumi na vitano huishia kwenye 14: nne za viwango, mbili za makundi, nane za kosa. Hiyo 179 ilitoka wapi? Vipande kumi na vitano mara miezi kumi na miwili ni 180, toa moja. Mwalimu alikuwa ameiambia programu kwamba kila mavuno ya mwezi ni kipande kipya, kana kwamba alikuwa na shamba kubwa mara kumi na mbili. Lakini kipande kimoja kikipimwa mara kumi na mbili hubaki kipande kimoja. Ushahidi ulikuwa umevimbishwa, na tofauti ndogo zilionekana kubwa.

Alirudia hesabu palepale, akijumlisha mavuno ya mwaka kwa kila kipande. Tofauti kati ya kisichotiwa mbolea na cha 150 ilibaki imara. Tofauti kati ya 225 na 300 ilitoweka. Uso wa Mwalimu ulishuka, kwani safu moja ya nyota, zile zinazoashiria tofauti ya kuaminika, ilikuwa imefutika. Daktari alimwachia kimya kidogo, kisha akamwomba aeleze, kwa Kiswahili cha kawaida na bila jedwali, mkulima angefanya nini na matokeo haya mapya. Mwalimu alianza kwa kusitasita, akaongea, na katikati ya maelezo akajisikia mwenyewe: kwa shamba lile, mwaka ule, mbolea iliyozidi kilo 225 za nitrojeni kwa hekta haikuonyesha faida. Lilikuwa jambo la manufaa kuliko lile la kwanza, na lingeweza kutetewa.

Kisha kukaja uandishi, na hapa penseli ilifanya kazi yake ndefu. Daktari ana alama tatu tu. Duara ni neno lenye maana mbili. Mstari wima pambizoni ni dai lisilo na ushahidi. Alama ya kuuliza ni “sikuelewa”. Haandiki sentensi mbadala. Nilimwona akishika penseli juu ya aya iliyopinda, midomo ikitunga sentensi iliyonyooka ambayo ingemaliza tatizo kwa dakika moja, kisha akaweka duara na kufungua ukurasa mwingine. Ni kama fundi cherehani anayeonyesha kwa chaki mahali pa kufumua, halafu akamrudishia mwanagenzi nguo na sindano. Sura ya nne ilikwenda na kurudi mara nyingi kiasi kwamba pembe za karatasi zililainika. Kila safari alama zilipungua, na zilizobaki zilikuwa za mambo magumu zaidi.

Tasnifu ilipokamilika, mwanafunzi alitoa taarifa ya kuwasilisha, kazi ikapitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, na makala moja kutoka humo ikatafutiwa jarida, kama miongozo inavyotaka. Watahini waliteuliwa, mmoja wao kutoka chuo kingine. Siku ya utetezi Daktari aliketi kiti cha ukutani. Mtahini wa nje alifungua ukurasa wa jedwali na kuuliza jambo ambalo Mwalimu alikuwa ameulizwa miezi mingi kabla: kwa nini digrii za uhuru ni chache hivi, na ana mavuno ya mwaka mzima? Mwalimu alieleza. Hakumtazama msimamizi wake hata mara moja, naye msimamizi alikuwa akitazama sakafu.

Marekebisho yalikuwa madogo, na yalipangwa katika jedwali la safu tatu: walichosema watahini, alichofanya mwanafunzi, ukurasa. Sahihi ya Daktari ilihitajika chini yake. Angeweza kuiweka amesimama, na wengi huiweka hivyo. Alifungua kila ukurasa uliotajwa. Mmoja ulikuwa umetajwa vibaya: marekebisho yalikuwapo, lakini ukurasa wa mbele yake. Akairudisha kazi kwa ajili ya tarakimu moja, na juma lililofuata akatia sahihi. Kutoka hapo bodi, kisha seneti, kisha orodha ya mahafali.

Kuna hatua moja ambayo haimo katika fomu yoyote, na Daktari huidai kwa kila mwanafunzi aliyetumia shamba la mtu. Mwalimu aliandika kurasa mbili bila neno la kitaalamu, akampelekea mkulima, na mkulima akawaita jirani zake kwenye kibanda cha kupimia majani. Niliambatana na Mwalimu, Daktari hakuja. Mwalimu alieleza magunia, si kilo za nitrojeni. Waliuliza sana, naye akajibu. Kisha mzee mmoja akauliza kama hesabu hiyo ingesimama kwa michai yake, ya kloni nyingine, upande wa bondeni kunakoshuka baridi.

“Hilo sikulipima, mzee,” Mwalimu alisema. “Nikikujibu nitakuwa nabahatisha. Lakini nikikuonyesha namna ya kugawa mistari yako, unaweza kulipima mwenyewe.”

Mzee akataka kujua inahitaji mistari mingapi, na Mwalimu akaanza kwa kumuuliza mteremko wa shamba lake unaelekea wapi.